Siku Kisiwa Kilipokwenda Kashozi Kumfuata Mwalimu

Mwalimu wa hesabu wa kisiwani kwetu aliondoka mwezi wa kumi na moja, juu ya mtumbwi wa dagaa, godoro lake limelazwa kwenye magunia. Kahamia nchi kavu kumfuata mume. Hakuna aliyemlaumu. Mama alinipigia simu kunipa habari akamalizia, "Ndiyo hivyo, mwanangu. Darasa la saba mwakani watahesabu kwa vidole."

Kwetu ni wilaya ya Muleba, lakini majini. Ukifika kisiwa cha Goziba bado hujafika, unaongeza maji kidogo mbele. Shule ipo, madarasa yapo, na walimu waliobaki ni watu wazuri wanaojigawa mpaka wanaisha. Ila wa hesabu hakuna. Na mdogo wangu wa kike alikuwa anaingia darasa la saba Januari.

Hapo ndipo nilipochomwa. Mimi mwenyewe nilimaliza pale pale, mwaka ambao pia hatukuwa na mwalimu wa hesabu. Siku ya mtihani wa taifa niliangalia karatasi ya hesabu kama mtu anayesoma Kichina. Vile viduara vya majibu nikavitia penseli kwa kufuata maua ya kanga ya mama, moja juu, moja chini, mbili katikati. Nikafeli vizuri kabisa. Sekondari nikaisikia kwa wenzangu.

Nikaja Bukoba kufagia duka la kuchapa na kutoa kopi, pale mtaa wa Kashai. Bosi, mama mmoja wa makamo, akienda kula mimi nakaa kwenye kompyuta yake najifundisha. Siku aliponikuta nimeshachapa tangazo zima la jumuiya bila kosa, alisema, "Kumbe ulikuwa unaniibia umeme." Kesho yake akatafuta mfagiaji mwingine.

Sasa lile duka ndiko wanakokuja wahitimu wa ualimu kuomba ajira. Wanakuja na bahasha za kaki, wanakaa kwenye benchi, mimi naingia mtandaoni, najaza, napakia vyeti, nachapa barua. Nawajua kwa vyeti kabla sijawajua kwa sura. Huyu ana Kemia na Baiolojia, yule Historia na Kiswahili, huyu amerudi mara ya sita. Mji mzima una walimu wamekaa kwenye mabenchi, na kule kwetu kuna watoto wamekaa kwenye madawati hawana mwalimu! Nilipoliona hilo kichwani nilimpigia mwalimu mkuu palepale, nikiwa na mteja mbele yangu.

"Mwalimu mkuu, akipatikana wa kujitolea mtampokea?"

"Tulishakubaliana kwenye kikao cha wazazi," akasema. "Nyumba ipo, posho watachanga wenye mitumbwi, na samaki hatanunua. Barua nitaandika mimi. Lakini nani atakuja huku, binti yangu? Nimeshaomba kwa watu wanne."

"Nitamleta mimi."

"Wewe?"

"Mimi! Jumatatu ya kufungua shule atakuwa ubaoni. Waambie wazazi."

Nikakata simu. Mteja akaniuliza kama barua yake imeisha. Nikamwambia wewe ngoja, wewe ni mwalimu wa nini?

Alikuwa wa Kemia na Baiolojia. Nikaona atafaa, hesabu za darasa la saba zitamshindaje mtu wa Kemia?

"Kuna mtandao?" akauliza.

"Upo. Unapanda kwenye jiwe moja nyuma ya shule."

"Umeme?"

"Sola."

"Na wasichana?"

"Wapo. Wana kaka zao, na kaka zao wana visu vya kuparia samaki."

Akacheka, akachukua barua yake, akaenda moja kwa moja. Wa pili alikuwa na suti. Akaniambia yeye ana digrii, hawezi kwenda kula dagaa. Nikamuuliza hapa Kashai anakula nini, vyeti? Bosi akanivuta mkono chini ya meza, kwa sababu yule alikuwa bado hajalipa kopi zake. Wa tatu alisema atafikiria. Wa nne alisema ataongea na mchumba. Wiki mbili zikaisha hivyo, nami nikaanza kuota mwalimu mkuu akinicheka.

Halafu akaja msichana wa Kashozi, kijijini, nje ya mji.

Huyu alikuwa haongei. Anakuja na mwavuli, anasalimia kwa Kihaya, "Wasibota, dada," anakaa. Hesabu na Fizikia, alama zake ukiziona unataka kusimama. Barua zake nilikuwa nimezichapa mpaka nazijua kwa moyo. Siku ile nilipomaliza kumwelezea habari ya kisiwa alijibu polepole, "Baba hatakubali, dada. Anaogopa ziwa."

"Na wewe je?"

"Mimi nasubiri ajira."

Hapo ulimi ukanitoka. Nikamwambia, "Umesomea hesabu yote hiyo ili uje kuhesabu barua unazoniletea? Mimi nina mdogo wangu anasoma peke yake kwenye kona ya nyumba ya mabati, hana hata wa kumwambia hapa umekosea, halafu wewe unasubiri!"

Bosi akafumba macho. Yule msichana akakunja bahasha yake, akafungua mwavuli mlemle ndani, akatoka. Nikajua nimeharibu. Lakini kabla hajavuka barabara alirudi, macho mekundu, akasema, "Lini?"

Nikataja Jumamosi. Ile tarehe niliiona kwenye kalenda ya ukutani, ile kubwa, iliyokaa juu ya mashine ya kopi. Ikanipendeza kwa sababu bosi alikuwa amenipa ruhusa. Ndilo kosa lenyewe. Mimi mtoto niliyezaliwa mwaloni, pale mitumbwi ya samaki inapotia nanga, nimekaa Kashai miaka, nikapanga safari ya kisiwani kwa kalenda ya ukutani na sikuangalia mwezi.

Kwetu tunaishi kwa mwezi. Mwezi usipokuwepo tunaita giza, na giza ndiyo kazi. Mitumbwi inatoka jioni na taa zake, dagaa wanafuata mwanga, wanaume wanarudi kumepambazuka wakiwa hawajiwezi. Mchana wanalala kama magogo, na wanawake wanahangaika na kuanika. Mbalamwezi ikija, taa hazina maana, dagaa hawafuati, basi watu wanapumzika. Nyavu zinashonwa, nguo zinafuliwa, vikao vinakaa, wageni wanapokelewa. Mtu yeyote wa kwetu anajua hilo kabla hajajua kuvaa viatu. Mimi nilimpeleka mgeni katikati ya giza.

Tulipanda gari mpaka Muleba, tukateremka mwaloni, tukavuka na mtumbwi wa mizigo. Yule binti alikaa katikati amelikumbatia boya lake la kujiokolea saa zote zile. Alikuwa amemwambia baba yake anakwenda kutazama tu, arudi. Mimi nilikuwa naongea kwa wote wawili. Nikamwambia utaona, watajaa ufukweni, wazazi wote, watakubeba na begi lako.

Tunafika, wingu jeusi linafika.

Ufuko mzima ulikuwa umetandikwa dagaa wa usiku ule. Na mvua ikinyeshea dagaa waliokaribia kukauka, kazi ya usiku kucha imekwenda. Wanawake walikuwa wanakimbia na maturubai, wanakusanya kwa mikono, kwa mabeseni, kwa kanga. Hakuna aliyeinua kichwa. Wanaume hakuna hata mmoja, wote wamelala. Yule binti akashuka na viatu vyake vya kufunga, anatafuta mahali pa kukanyaga, anakanyaga dagaa.

"We!" ikapigwa kelele. "Wewe mwenye viatu! Macho umeacha wapi? Toka juu ya dagaa wangu!"

Alikuwa mama yangu.

"Mama! Huyu ndiye mwalimu!"

"Mwalimu hajui dagaa? Shika turubai hilo, au ondokeni wote!"

Mvua ikashuka. Nilishika turubai, mkono wangu ulifanya wenyewe, ndivyo tulivyolelewa. Nilipogeuka, yule binti alikuwa amesimama palepale na begi kifuani, amelowa, hakuna aliyemsalimia, hakuna aliyempa hata kanga. Mwalimu mkuu naye alikuwa amevuka kwenda Muleba kwenye mkutano. Mtumbwi uliotuleta ulipomaliza kupakia magunia yake, yule binti akapanda.

"Hawa watu hawana haja na mimi, dada," akaniambia. Hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika.

Nilibaki ufukweni naangalia mtumbwi unaondoka na mwalimu wangu. Halafu nikachukua sufuria na mwiko.

Nilipita kibanda kwa kibanda, napiga sufuria, natukana matusi yote niliyoyajua na mengine nikayatunga. Amkeni! Mwalimu amekuja ameondoka! Lalani mpaka watoto wenu wawe wajinga kama mimi! Wavuvi wakatoka macho yamevimba, mmoja amejifunga wavu badala ya shuka, anauliza kuna mtumbwi umezama? Nikamwambia ndiyo, umezama, na mdogo wangu yumo.

Mwenyekiti wa mwalo, mzee mmoja mpole mwenye mitumbwi mitatu, ndiye aliyeninyang'anya sufuria.

"Binti," akasema, "ulimleta siku gani?"

"Leo, baba! Si umeona!"

"Leo ni giza la ngapi?"

Nikaanza kuhesabu usiku kwa vidole. Katikati kabisa ya giza. Wengine walianza kucheka.

"Mji umemlevya huyu," mmoja akasema. "Siku hizi mwezi anauona kwenye simu."

Mama hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya gunia, anakamua maji kwenye kanga. "Yule mtoto wa watu nimemfokea," akasema. Akarudia tena, kwa sauti ndogo. "Nimemfokea mwalimu wa mwanangu."

Kesho yake nikarudi Bukoba, keshokutwa nikaenda Kashozi kuomba radhi. Baba wa yule binti alinipokea kwenye kibaraza, migomba imetuzunguka, kahawa imeanikwa kwenye mkeka mbele yetu. Alinipa buni za kutafuna kama mgeni yeyote, akasubiri nitafune, ndipo akasema.

"Mwana wange, binti yangu amerudi amelowa kama kifaranga. Nimemsomesha kwa kahawa hii unayoiona. Sikumsomesha aende kufokewa juu ya dagaa, na ziwa lije limchukue."

Nilikuwa nimejiapia sitapandisha sauti. Nikamweleza habari ya giza, habari ya mvua, kosa ni langu. Akatikisa kichwa tu, kwa ile adabu ya Wahaya, "Nimekusikia, waitu." Binti mwenyewe alikuwa mlangoni, hakutoka nje. Nikajiona naanza kusimama, sauti inapanda, nikasema, "Basi baba, kama sisi hatufai tuambie hatufai!" Akanijibu kwa upole kabisa kwamba chai iko tayari. Nikanywa chai ya watu kwa hasira na aibu, nikaondoka.

Nilipompigia mama kumwambia imeshindikana, alisema, "Subiri mwezi utoke." Nikadhani ananifariji.

Shule zilikuwa zifunguliwe Jumatatu. Alhamisi ya wiki iliyotangulia, asubuhi, nipo dukani naunganisha karatasi za mtu, bosi ananiambia, "Kuna ndugu zako nje. Wengi." Natoka, naona mwenyekiti wa mwalo amevaa koti la harusi. Nyuma yake wavuvi wanne wamenyoa, mashati yamepigwa pasi. Mama ana kitenge kipya. Mdogo wangu ana sare ya shule na daftari kifuani. Walikuwa wamekuja na mtumbwi wao wenyewe mpaka Bukoba. Mbalamwezi ilikuwa imeanza, na mitumbwi yote imepandishwa ufukweni.

"Tupeleke," mama akasema.

Tukakodi bodaboda, tukapanga mstari kutoka Kashai mpaka Kashozi. Watu njiani wakashangilia wakidhani ni msafara wa harusi. Mvuvi mmoja, mwanamume anayevuka mawimbi bila boya, alikuwa amemkumbatia dereva wake amefumba macho, anapiga kelele, "Taratibu! Taratibu, mimi nina watoto!"

Yule mzee wa Kashozi alitoka kwenye kibanja, shamba lake la migomba, na panga mkononi akatukuta tumejaa uani kwake. Akauliza kuna nini. Kabla mwenyekiti hajamaliza kukohoa, mama alipita mbele akapiga magoti kwenye udongo, si mbele ya mzee, mbele ya binti.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyekufokea. Nilikuwa naokoa dagaa. Nilitakiwa kuokoa mwanangu, nikaokoa dagaa. Nimekuja uninyanyue."

Binti akamnyanyua haraka, anaona aibu, mtu mzima kumpigia magoti. "Inuka, mama. Inuka, tafadhali." Wakabaki wameshikana mikono, hakuna anayejua kinachofuata.

Mdogo wangu ndiye aliyesogea na daftari lake. Hakutumwa na mtu. Akasema, "Mwalimu, hii nimefanya peke yangu. Ni sahihi?"

Ilikuwa hesabu ya sehemu. Nusu kujumlisha theluthi. Alikuwa amejumlisha za juu kwa za juu, za chini kwa za chini, akapata sehemu mbili kati ya tano, akaipigia mstari mara mbili kwa rula. Yule binti akaangalia. Nikauona uso wake ukibadilika, kama mtu aliyesikia jina lake linaitwa mbali.

Akakaa kwenye ngazi ya kibaraza. "Njoo. Mama yako amekupa nusu ndoo ya dagaa. Sawa?"

"Sawa."

"Dada yako akakuongezea theluthi ya ndoo. Sasa umepata sehemu mbili kati ya tano. Hizo ni kubwa kuliko nusu au ndogo?"

Mdogo wangu akachora ndoo udongoni, akaigawa kwa kijiti. Akafikiri. Wavuvi wakainama kuangalia, wote wanne, mikono magotini. "Ndogo," akasema.

"Ulikuwa na nusu, ukaongezewa, zikapungua?"

Mdogo wangu akaitazama ile ndoo ya udongoni. Akainua kichwa, macho makubwa, akapiga kelele, "Nimeibiwa!"

Ua mzima ukapasuka kwa kicheko. Mwenyekiti alijipiga paja. Mvuvi yule wa bodaboda akasema, "Kaibiwa kweli! Hebu mwalimu, sahihi inakuwaje?" Na binti akaanza kueleza, amechukua kijiti, anagawa ndoo vipande sita, sauti yake imepanda, anawauliza wale wanaume wazima maswali, wanajibu kwa kugombania, anayekosea anatikisiwa kichwa. Mimi nilikuwa namjua mtu wa "Wasibota, dada" na mwavuli. Huyu nilikuwa simjui.

Hata baba yake alikuwa hamjui. Alisimama na panga lake mpaka walipofika sehemu tano kati ya sita. Halafu akaniambia mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu, "Tangu arudi kutoka chuo sijamsikia akiongea hivi."

Akaweka panga chini. Akamgeukia mwenyekiti.

"Mtumbwi wenu una maboya?"

"Yapo, mzee."

"Ya watu wote?"

"Ya watu wote, na la begi lake tutaongeza."

"Anayeuendesha ni nani?"

Mvuvi wa bodaboda akainua mkono. Mzee, ambaye alikuwa ameziona pikipiki zikipita kando ya kibanja, akamwangalia, suruali yake ina vumbi mpaka kiunoni. "Wewe majini nako unafumba macho?"

"Majini silali wala sifumbi, mzee. Ni pikipiki tu hizi."

Mzee akacheka. Akaingia ndani akatoka na kikapu kidogo cha buni, akatuzungushia wote, mmoja mmoja, akianza na mama yangu. Binti alikuwa bado kwenye ngazi anafuta udongo mikononi. Baba yake akamuuliza kwa Kihaya, akamjibu kwa Kihaya, nami nikasubiri kama mtu anayesubiri matokeo. Mzee akatugeukia.

"Anasema Jumatatu."

Nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbilia kibandani. Mama ananiambia nyamaza tuko ugenini, na yeye mwenyewe analia anapiga vigelegele.

Jumamosi tulivuka naye. Ufuko ulikuwa mtupu, umefagiwa, na watu wamesimama wamekoga, kila mtu macho. Wavuvi walibishana nani abebe begi mpaka likabebwa na watatu. Mwalimu mkuu alikuwa na ile barua yake mkononi.

Jumatatu asubuhi darasa la saba lilijaa kabla kengele haijalia. Nje madirishani walijaa wazazi, maana mbalamwezi bado ilikuwepo na hakuna aliyelala. Nilikuwa nimeomba siku mbili zaidi kwa bosi, nikajipenyeza nikakaa dawati la nyuma kabisa. Mwalimu akaandika tarehe ubaoni, akaandika neno Hesabu, akalipigia mstari. Akaanza na sehemu.

Nilielewa. Nakuambia nilielewa mpaka nikahisi joto masikioni. Nikageuka dirishani kumweleza mama, unaona mama, unatafuta kwanza namba ya chini inayogawanyika kwa zote mbili, halafu nikamweleza na mwenyekiti, halafu na yule wa pikipiki ambaye alikuwa amepata jibu jingine, tukaanza kubishana.

Chaki ikagonga ubao.

"Wewe dada wa Kashai."

Nikasimama. Darasa zima limegeuka, mdogo wangu ameficha uso kwenye daftari.

"Unanisumbulia darasa. Toka nje."

Nilitoka. Nikapita katikati ya wazazi wanaocheka mpaka uwanjani kwenye jua, nimefukuzwa darasani na mwalimu wa hesabu wa kisiwani kwetu, na sauti yake naisikia mpaka ufukweni.